Kuvishwa na Kuvaa: Nishani katika Maisha ya Askari Wastaafu wa Keya

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Chanda chema huvikwa pete" ina kitenzi kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Chanda hakivai pete, huvikwa. Wema ni wa chanda, lakini uamuzi wa kuutambua wema huo uko kwa mwingine. Lugha ya nishani za kijeshi hufuata mkondo huohuo. Askari huvishwa nishani na mkuu wake mbele ya gwaride, na katika sentensi hiyo yeye ni mtendwa.

Suala linalojadiliwa katika mhadhara huu linahusu kitenzi kinachofuata. Askari akishavua sare na kurudi kwao, hakuna tena wa kumvisha. Akitaka nishani ionekane, sharti aivae mwenyewe. Je, anapoivaa anasema nini, na anamwambia nani? Mfano utakaotumika ni wa Waafrika waliotumikia kikosi cha King's African Rifles (KAR), ambacho wananchi walikiita Keya, hususan wale waliopigana katika Vita Kuu ya Pili.

2.0 Neno, Chuma na Jina

Asili ya neno nishani ni lugha ya Kiajemi, ambamo maana yake ya msingi ni alama. Neno hilo lilikuwa na nafasi katika dola ya pwani kabla ya utawala wa Waingereza: mwaka 1875 Sayyid Barghash wa Zanzibar alianzisha Nishani ya Nyota Ing'aayo. Kwa hiyo Keya walipoanza kutunukiwa, Kiswahili kilikuwa tayari na neno la kulipokea jambo hilo.

Alama, hata hivyo, huhitaji kujulikana ni ya nani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), medali ya vita ya Uingereza ilichongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mpokeaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili (1939–1945) utaratibu ulibadilika. Nyota na medali za kampeni za Waingereza kwa kawaida zilitolewa bila jina lolote. Zilitolewa pia miaka kadhaa baada ya vita kwisha, askari wengi wakiwa wamekwisha kurudi mashambani.

Athari ya mabadiliko hayo haikuwa ndogo. Kijijini, ambako kila mtu alimjua aliyekwenda na aliyerudi, nishani isiyo na jina ilitosha. Mbele ya karani wa ofisi ya wilaya mambo yalikuwa mengine, kwani chuma kisicho na jina hakimshuhudii mtu yeyote. Kilihitaji kuambatana na cheti cha kuachishwa jeshi. Cheti kikiliwa na mchwa, nishani hubaki bubu.

Tatizo la ushahidi halikuwakabili Keya peke yao. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki. Kuna kisa kinachorudiwa mara kwa mara vitabuni, japokuwa baadhi ya wanahistoria hukichukulia kwa tahadhari, kwamba huko Mwanza wazee wengi walifika bila hati yoyote. Wakapewa fimbo ya ufagio mmoja mmoja na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe kwata la bunduki, hakuna aliyeshindwa. Kiwe cha kweli au kimetiwa chumvi, kisa hiki kimedumu kwa sababu kinasema jambo ambalo wastaafu wa majeshi yote wanalifahamu: mwili hukumbuka kile ambacho karatasi imekisahau.

3.0 Kifuani na Shingoni

Zaidi ya watu 300,000 kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland waliingia katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw nchini Burma, bonde lililosifika kwa malaria, hadi kuuvuka Mto Chindwin mwezi Desemba. Waliotumikia huko walistahili Nyota ya Burma, nyota ya ncha sita yenye utepe uliokuwa na mstari mpana mwekundu katikati.

Nchini Kenya mstaafu huyo alirudi katika nchi ambayo chuma kingine kilikuwa kikimngoja. Sheria ya usajili wa wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka mwanamume Mwafrika awe na kipande, yaani hati yenye alama za vidole na taarifa za waajiri wake. Hati hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa uzi. Mzungu hakuwa na kipande. Mfumo huo ulibadilishwa kwa sheria ya usajili wa watu wa rangi zote ya mwaka 1947, na hivyo waliorudi mwaka 1945 na 1946 waliukuta bado upo.

Mtu mmoja alikuwa basi na vyuma viwili. Cha shingoni kilikuwa na jina lake, alama za vidole vyake na kauli ya mwajiri, nacho kilimtambulisha kama mtu wa kuchungwa. Cha kifuani hakikuwa na jina, nacho kilimtambulisha kama mtu wa kuheshimiwa. Dola iliyotoa vyote viwili ni moja. Polisi aliposimamisha watu njiani, hakuuliza habari za Burma, aliuliza kipande.

4.0 Kiinua Mgongo na Deni

Kiswahili huyaita malipo ya mwisho wa utumishi kiinua mgongo. Istilahi hii ni sitiari iliyo wazi: aliyeinama kwa kazi hupewa cha kumwezesha kusimama. Kwa askari wa Keya migongo haikuinuliwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza yaliyomo katika hati rasmi ya Uingereza iliyoonyesha kwamba askari wa kawaida Mzungu aliyeishi katika koloni la Afrika alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, ilhali mwenzake Mwafrika alipewa shilingi 3.5.

Ni hapa ambapo nishani inapata uzito wake mkubwa kwa mstaafu. Mishahara ilitofautiana kwa rangi, na kiinua mgongo kadhalika. Nyota ya Burma haikutofautiana. Ya Mzungu na ya Mwafrika zilikuwa na umbo moja, madini yale yale na utepe ule ule. Katika vitu vyote ambavyo dola ya kikoloni ilimkabidhi askari Mwafrika, nishani ilikuwa miongoni mwa vichache sana vilivyokiri kwamba kazi ya hao wawili ilikuwa moja. Watawala waliikusudia iwe shukrani. Aliyeipokea aliweza kuisoma kama hati ya deni, kwani waungwana husema ahadi ni deni.

Usomaji huo uliweza kuzaa matendo. Waruhiu Itote, aliyejiunga na KAR mwaka 1942 na kufika Burma, alirudi na kuwa Jenerali China wa wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Bildad Kaggia, mstaafu mwingine wa vita hivyo, aliingia katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa harakati za ukombozi. Wote wawili walikuwa wameliona jeshi la Waingereza kwa ndani, na walijua kipimo ambacho lilipaswa kupimwa nacho.

5.0 Nishani Isiyovalika

Si kila nishani iliweza kuvaliwa baada ya uhuru. Askari wa Keya waliotumwa kupambana na Mau Mau tangu hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 walistahili Medali ya Utumishi ya Afrika, yenye bamba la neno "Kenya" kwenye utepe. Baba aliyekuwa na Nyota ya Burma angeweza kuwaonyesha wanawe bila wasiwasi. Aliyekuwa na bamba lile alilazimika kueleza alimpiga nani. Kwa namna hiyo kitenzi cha tatu, kuvua, kiliingia katika maisha ya nishani.

Upande wa pili wa vita vile haukuwa na nishani kabisa. Mau Mau iliendelea kupigwa marufuku kisheria nchini Kenya hadi mwaka 2003. Serikali ya Uingereza ilipokubali mwaka 2013 kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, ushahidi uliotangulia makubaliano hayo ulikuwa simulizi, nyaraka zilizofichuliwa na makovu. Chuma kilikosekana, lakini dai lilikuwa lilelile: yaliyotendeka yakiriwe na mwenye dhamana.

Aghalabu aliyetunuku naye alitoweka. Bendera ya Keya ilishushwa kwa uhuru wa nchi hizi, na Tanganyika Rifles, iliyorithi vikosi vya Keya vya Tanganyika, ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, kabla ya kuundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka huohuo. Mstaafu alibaki na alama ya jeshi lisilokuwepo, ya mfalme asiyekuwa wake.

6.0 Hitimisho

Mnara wa Askari uliowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 unamwonyesha askari wa shaba asiye na jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa; wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Sanamu moja ilisimama badala ya wengi, na wengi wakasahauliwa nyuma yake.

Katika mazingira hayo, mzee aliyeivaa nyota yake siku ya kumbukumbu alikuwa akifanya kazi ambayo mnara haukuweza kuifanya. Chuma hakikuwa na jina, naye ndiye aliyekipa jina kwa kusimama nacho hadharani. Nishani aliyovishwa ilisema kwamba dola imemtambua. Nishani aliyoivaa mwenyewe ilisema kwamba yeye hajasahau, na kwamba hesabu haijafungwa. Watafiti wanaokusanya simulizi za familia za Keya, wengi wa wenyewe wakiwa wamekwisha kufariki, wana wajibu wa kuuliza zaidi ya jina la vita na mwaka wake. Waulize nishani ilitunzwa wapi, ilivaliwa lini, na nani aliamua kuivua.