Ngokela, Sengu na Shule: Kazi ya Wazazi katika Nchi ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Neno kujitolea, litajwapo katika habari za shule, hudhaniwa na wengi kuwa ni jambo geni lililoletwa na serikali au wafadhili. Katika nchi ya Mbinga jambo lenyewe ni la zamani kuliko shule. Wamatengo, walimao milima yao kwa mashimo ya ngoro, walikuwa na ngokela, ndiyo kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba huwaita jirani zake na kuwaandalia pombe. Tena walikuwa na sengu, yaani baraza ya ukoo: vyakula vililetwa mahali pamoja, watu wakala, wazee wakakata mashauri, na vijana wakafunzwa kwa kusikiliza. Ngokela ilitoa mikono; sengu ilitoa shauri.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa shule zilifuata misheni ya UMCA, iliyoweka makao Likoma katika miaka ya 1880. William Percival Johnson alivizungukia vijiji vya mwambao huo miaka mingi, hata akafa Liuli mwaka 1928. Upande wa milimani Wabenediktini walianza Kigonsera mwaka 1899, na Litembo mwaka 1914. Shule za vijijini za siku hizo zilikuwa nyumba za miti, udongo na nyasi, kazi ya mikono ya wanakijiji. Lakini walimu, vitabu na mafunzo vilikuwa chini ya misheni. Basi mzazi aliitwa kwenye ngokela, wala hakuitwa kwenye sengu.

Mfano ulio kinyume ulionekana Litowa, wilaya ya Songea, ambayo hapo kwanza ilikuwa pamoja na nchi ya Mbinga. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoundwa mwaka 1963, kilikuwa na shule yake huko. Watoto walisoma na kulima, na wazazi waliihesabu kuwa mali yao. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, mengi aliyoyataka yalikwisha kujaribiwa Litowa. Chama kilivunjwa kwa amri Septemba 1969.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974, na tena shule za sekondari za kata zilipoenea tangu 2004, wanavijiji walifyatua matofali na kubeba mawe na mchanga. Hapo ndipo neno mchango lilipogeuka maana. Kuchanga ni kutoa kwa hiari pamoja na wenzio. Mchango ukawa deni, na asiyelipa akatafutwa. Ada ilipoondolewa tangu Januari 2016, na michango ya lazima ikakatazwa, wazazi wengine walifahamu kuwa wao na shule wameachana.

Yafaa kulitazama neno lenyewe. Katika kujitolea, kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake: atoaye na atolewaye ni mmoja. Aliyeamrishwa ametolewa tu, hakujitolea.

Sengu nayo haijafa. Katika kijiji cha Kindimba, wanakijiji waliposhirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kujenga kinu cha nguvu za maji, jina hilo walilipa kamati yao. Sheria ya Elimu ya 1978 imeweka kamati katika kila shule ya msingi ya serikali. Mzazi anayetengeneza madawati, kupika uji au kuwasimulia watoto habari za kale anafanya ngokela njema. Lakini asipokuwa na kauli katika kamati hiyo, jengo atakalolijenga litabaki la wengine.