Kinga za magurudumu matatu: kutoka Ngobila mpaka Petite Barrière

Kuna mwenzetu wa promosheni aliniambia kwamba walemavu wa Congo wameanza kusaidiana juzi tu, tangu WhatsApp ifike. Nilimjibu hapana. Simu imekuta kazi imeshaanza zamani, na nitaeleza kwa nini nasema vile.

Tuanzie Kinshasa, ku Beach Ngobila. Kati ya Kinshasa na Brazzaville hakuna daraja, ni mto tu. Miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, walemavu walianza kupewa punguzo kwenye tiketi ya boti, na ku duwane mizigo yao ilitozwa kidogo. Pengine serikali iliona ni sadaka. Kumbe ilikuwa mtaji! Mfanyabiashara anayelipa bei nzima hawezi kushindana na yule anayelipa nusu, basi wazima wakaanza kutafuta mlemavu wa kuwapitishia mali. Wengine kati ya walemavu wakanunua mali yao wenyewe. Mafundi wa kuunga vyuma wakapanua ile kinga inayoendeshwa kwa mikono, nyuma wakaweka sanduku kubwa la mizigo.

Lakini mtu hawezi kusukuma peke yake mzigo wa namna ile. Msaidizi naye alipunguziwa tiketi, na hapo njo familia iliingia: mtoto, shemeji, ndugu ya kijijini asiye na kazi, hata kijana wa barabarani. Watu wanasemaka mlemavu ni mzigo wa familia. Ku Ngobila ilikuwa paka kinyume, yeye njo alikuwa mwajiri. Wakaunda mashirika yao, na mmoja akinyanyaswa ku duwane, wenzake wote walisimamisha kinga zao palepale mpaka neno liishe. Kisha viwanda vya Kinshasa vikaporwa mu 1991 na tena mu 1993, pesa ya Zaire ikawa karatasi, na biashara ya mto ikawa ndio chakula cha nyumba mingi.

Dunia ilikuja kuwajua kupitia Staff Benda Bilili, wanamuziki waliokuwa wanafanya mazoezi karibu na zoo ya Kinshasa; filamu yao ilionyeshwa Cannes mu 2010. Watu walishangilia muziki. Mimi niliangalia zile kinga, maana nazijua.

Huku kwetu Goma, mpaka na Gisenyi hauna mto, ni kizuizi tu, lakini kinga ni zilezile. Mukubwa yangu alipatwa na polio akiwa mtoto mdogo. Miaka mingi alipitisha unga na nyanya ku Petite Barrière, mimi nikisukuma nyuma mbele ya saa za masomo. Hii licence yangu ya agronomia imelipwa na mikono yake. Siku ya difensi alikaa mlangoni kwa sababu sali ilikuwa ku etaji na hakuna mtu alifikiria ngazi. Hata mimi sikufikiria. Ile inaniuma mpaka leo.

Ku mto, mambo yaliharibika mwezi wa ine 2014, wakati Brazzaville ilifukuza Wakongomani wa ngambo ya pili, zaidi ya laki moja wakarudi. Makaratasi ya kuvuka yakakazwa, na punguzo la tiketi halimsaidii mtu asiye na ruhusa ya kuvuka. Kwetu ikawa Machi 2020, Covid. Mpaka ukafungwa kwa watu, halafu wafanyabiashara wadogo wakaambiwa wakusanye mali pamoja, gari moja lipitishe ya wote. Gari halihitaji kinga.

Wakati ule njo kikundi cha simu cha mukubwa yangu kilibadilika. Kwanza kilikuwa cha bei ya nyanya na habari za duwane. Wakati kazi ilikwisha, mama mmoja akauliza wapi anaweza kupata magongo ya mtoto wake aliyeongeza kimo. Mutu akatoa ya wake wa zamani. Kesho yake wazazi wengine watatu wakauliza.

Mu 2022 nchi ilipata sheria ya haki za watu wenye ulemavu, tarehe 3 Mei. Mukubwa yangu aliisoma yote kwenye simu, akaniuliza swali moja: kuna sehemu inasema juu ya ngazi?