Tarehe ya Wakulima wa Shika Adabu

Wazee wa Shika Adabu wamepokezana kwamba hapana ardhi ng'ambo hii ya Likoni iliyopata kulimwa kwa nguvu kama yetu, nami nimeazimia kulithibitisha neno hilo, kwa kuwa wako watu wa kisiwani Mombasa wadaio hata leo kuwa mashamba haya ni kazi ya jamaa zao. Waliofyeka mwitu kwa shoka na kuupanda minazi ni Wadigo, babu zetu. Watumwa wa Waarabu na wa Waswahili walilima pia, Mola awarehemu. Jirani zetu wa Mtongwe nao walikuwa na wakulima wao.

Mtu wa zamani, yasemwa, alitoka alfajiri akajipimia ngwe yake, akailima hata adhuhuri bila ya kuinua kiuno, na chakula chake ni wari, yaani ugali, wa mtama na maji ya dafu. Alasiri akakwea minazi kwa vidato, akaangua, akafua nazi juu ya kifuo, kisha akazichukua kwa mzegazega hata pwani kutafuta mashua, kwani feri haikuwako kabla ya 1937. Ajabu kubwa ni ya mkwezi aliyekutwa na tufani ya kusi kileleni, akaukumbatia mnazi hata upepo ukatulia, akamaliza kuangua ndipo akashuka. Mimi naisadiki.

Na hapa sina budi kuwajibu maofisa wa Kiingereza ambao, utumwa ulipofutwa mwaka 1907, walinena kwamba mtu wa pwani ni mvivu. Uvivu gani huo, ikiwa mtu ana minazi yake na mihogo yake, naye akakataa kulima shamba la mwenzake kwa ujira duni? Jembe hakuliacha; alilikataa shamba la mwingine tu, na hiyo ilikuwa haki yake.

Turudi kwenye habari yetu. Gati zenye kina zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, vijana wetu walivuka kwenda kupakua shehena, wakatwika magunia migongo iliyokwisha kuzoea kazi ya shamba. Lakini walikuwa vibarua wa siku, na kila aliyepata haja yake alirudi kupalilia, jambo lililowaudhi sana wakubwa wa bandari. Hata mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipousimamisha mji mzima, mwenye shamba huku ng'ambo alikuwa na muhogo wake wa kuchimba.