Kimto cha sindano: kazi ndogo za mkono za wamama wa Ituri

Tunapoongea juu ya mila za Ituri, watu wanataja haraka ngoma, ng'ombe wa mahari, hadithi za jioni, dawa za mwituni. Hakuna anayetaja kimto cha sindano. Ni kitu kidogo kabisa: vipande viwili vya kikwembe vilivyoshonwa pembeni, vikajazwa pamba ao nywele, na mama anachoma humo sindano zake zisipotee na mtoto asizikanyage. Wazee wengine wanatuambia: "Ile si mila, ile ni mambo ya Wazungu." Tunapenda kujibu neno hilo, kwa heshima. Kazi hii iko na historia ndefu katika nchi yetu, na kama haikuandikwa, ni kwa sababu sehemu kubwa yake ilipita mikononi mwa wamama.

Tuanze mbali kidogo, kabla ya sindano. Katika msitu wa Ituri, Wambuti walitengeneza nguo kwa gamba la miti ya jamii ya mtini. Wanaume walibandua gamba wakalipiga na nyundo ndogo, zamani mara nyingi ya pembe ya tembo, mpaka likalainika na kupanuka. Kisha kazi ilihamia kwa wanawake. Wao ndio waliochora. Walitumia maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa, wakapiga mistari, nukta na nyavu, na mara nyingine wakaacha nafasi tupu bila kuchora kitu. Nguo hiyo inaitwa pongo, na leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yanaitundika ukutani kama picha za mafundi wakubwa. Kwa hiyo mwanamke wa Ituri kukaa na kitambaa kidogo magotini na kukipamba si jambo lililoshuka na ndege.

Nguo ya pamba, yenyewe, ilikuja na misafara. Katika miaka ya 1880 watu wa pwani na wa Zanzibar, wale walioitwa Waungwana, walifika mpaka mto Ituri wakitafuta pembe na watumwa. Tusifiche ubaya wao. Lakini pamoja na bunduki walileta merikani, kanzu, kofia zilizodariziwa kwa mkono, na hii lugha tunayoandika.

Baadaye zilikuja misioni. Apolo Kivebulaya alifika Boga kutoka Uganda mwaka 1896. Waprotestanti wa Africa Inland Mission walianza Kasengu, karibu na Mahagi, mwaka 1912. Wakatoliki nao walieneza misioni zao mpaka Bunia ikawa diosezi mwaka 1959. Makanisa haya yalibishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya sindano yalikubaliana: mtoto mwanamume afundishwe kusoma, useremala, uashi, ukarani, binti afundishwe kushona, kupiga pasi na kutunza mtoto.

Kisha serikali ya Wabeljiji ikaongeza yake. Baada ya vita ya 1940–1945, katika miji mingi ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, zilifunguliwa nyumba za wanawake zilizoitwa foyer social. Watu walisema fuaye tu. Ile ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilianza mwaka 1946. Wake wa makarani na wa wafanyakazi walifundishwa humo kushona, kufuma na kupika. Walimu walitembelea hata manyumba yao kutazama kama meza iko na kitambaa na dirisha liko na pazia. Tuseme wazi: ile ilikuwa shule ya kutengeneza bibi wa karani. Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na mwanamke Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Sophie Kanza alikuwa wa kwanza, kule Lovanium, mwaka 1964. Miaka yote ile binti zetu walishona maua. Mwenye kukasirika akisoma hivi, hatutamkataza.

Hata hivyo, kitu kinaweza kuja na mgeni kikawa cha mwenye nyumba. Tutoe mfano wa mbali. Wahaudenosaunee, ambao Wazungu waliwaita Iroquois, ni wenyeji wa nchi iliyokatwa leo na mpaka wa Marekani na Kanada. Vimto vya sindano vilitoka kwa Wazungu. Lakini katika karne ya 19 wanawake wao walivishona upya kwa mahameli na shanga, wakaweka ndege na maua yao, wakaviuza kwa watalii waliokuja kuona maporomoko ya Niagara. Ardhi yao kubwa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Shanga hizo zilisaidia kulisha watoto. Leo hakuna anayewaambia kwamba ile si mila yao.

Kwetu ilikwenda vilevile. Mama aliyefundishwa napron ya kuwekwa mezani kwa kupendeza mwalimu, nyumbani aliishona kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Akaweka maua mekundu, akaweka ndege, akaandika "Karibu mgeni". Majina ya mishono yalibaki ya Kifaransa, krosheti na broderi, lakini aliyeamua rangi ni yeye. Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya authenticité ya Mobutu, kikwembe na libaya vilipewa heshima, na mabaki ya vikwembe yakajaa katika nyumba za mafundi. Humo ndimo vimto vilipata ngozi yake. Halafu Zaire ikaanguka, mishahara ikapotea, na kitambaa kilichokuwa pambo kikawa sabuni na chumvi.

Vita ilipoanza mwaka 1999, na zaidi sana Mei 2003 wakati Bunia yenyewe ilipogeuka uwanja wa mapigano, watu walikimbia na kile mkono ulichoshika. Mashini ya kushona haikimbii. Sindano inakimbia: inachomwa ndani ya nguo tu. Baada ya hapo vilifunguliwa vituo vya kufundisha ushonaji kwa mabinti waliotoka katika vikundi vya silaha na kwa wale waliotendewa ubaya. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, ila tuna lawama ndogo. Wote walifundishwa kitu kimoja, nguo za mashini, kana kwamba mji mmoja unaweza kuvalishwa na mafundi elfu. Kazi ndogo za mkono zilihesabiwa kuwa mchezo.

Kumbe kimto ni somo la kwanza zuri sana. Binti anajifunza kukata sawa, kushona kwa ndani, kugeuza, kujaza, na kufunga kwa mshono usioonekana. Anajifunza pia kuchagua cha kujazia, maana hewa yetu ya mvua inakula chuma. Nywele safi na manyoya ya kondoo yana mafuta kidogo, yanazuia kutu. Makapi ya kahawa iliyokwisha kuchujwa yanafaa pia, lakini yakaushwe kabisa kwenye jua, siku mbili ao tatu. Yakibaki na maji yanaoza, na sindano inaoza pamoja nayo.

Wenye kuwa bado na vitambaa vya mama zao ndani ya sanduku, wasivifanye matambara ya kufutia meza. Wavigeuze kwanza. Upande wa mbele ulikuwa wa wageni. Nyuma ndipo yako mafundo, uzi uliokwisha katikati ya ua na kuendelezwa na rangi nyingine kwa sababu dukani haukupatikana tena.