Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi kama Utangulizi wa Historia ya Mweru

Anayeanza kuisoma historia ya Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru hukutana mapema na kitabu hiki cha Kibemba, kilichochapishwa mwaka 1951. Kiliandaliwa chini ya Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, kwa msaada wa Padri Edouard Labrecque. Baadaye Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza. Ubora wake ni kuhifadhi kumbukumbu za utawala wa Walunda kwa mpangilio unaofuatika.

Upungufu wake unatokana na ubora huohuo: ni sauti ya ikulu, si ya mwambao mzima. Masimulizi ya Nachituti, aliyewakabidhi Walunda ardhi na maji baada ya kaka yake Nkuba, mtawala wa Washila, kumuua mwanawe, husomeka humo kama hati ya umiliki. Hata hivyo, Cunnison alionyesha mwaka 1959 kwamba katika bonde la Luapula kila ukoo hutunza historia yake. Hivyo, mshauri wa sera ya uvuvi anayekitegemea kitabu hiki pekee huamua haki ya ziwa kabla ya kuwasikiliza Washila. Kinafaa kuanzia, hakitoshi kuhukumia.