Likizo Yetu Kivukoni

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na insha yake moja ambayo hakuichoka: "Jinsi nilivyoitumia likizo yangu". Kila Julai, shule zikifunguliwa, insha ni hiyo hiyo. Mwaka 2009 jirani yangu wa dawati aliandika juu ya hoteli ya ufukweni Bagamoyo. Mwingine aliandika Unguja. Mmoja, ambaye baba yake alifanya kazi melini, alileta na kadi kabisa yenye picha ya kisiwa cha Ugiriki: nyumba nyeupe pepepe, bahari ya buluu, na watu wazima wamelala mchangani mchana kweupe kama wagonjwa.

Mimi niliandika Kivukoni. Darasa zima likaangua kicheko. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Kivukoni ni pale Magogoni, penye soko la samaki na feri ya Kigamboni. Likizo gani hiyo, kwenda feri?

Kivukoni yangu ilikuwa nyingine. Iko bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara, upande wa Ulanga. Hapo ndipo alipokaa Bibi, mzaa mama, na ndipo tulipopelekwa mimi na mdogo wangu, pamoja na mama, Juni ile ya mwaka 2009. Tulipanda treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, tukapita mbugani Selous tukihesabu twiga dirishani, tukashuka Ifakara usiku. Asubuhi tukabanana kwenye pikapu hadi mtoni. Hapo pikapu ikazima injini. Dereva akashuka, akajinyoosha, akanunua muwa, akaanza kuumenya taratibu.

"Tunafanya nini?" nikamwuliza mama.

"Tunangoja pantoni."

Msomaji, nikikuambia kwamba tulikwenda kukaa mji wa kungoja, usidhani ninatania. Kando zote mbili za mto palikuwa na watu wanaongoja: wenye magunia ya mpunga, wenye matenga ya kuku, mama wajawazito, walimu wa Mahenge waliokwenda mjini kufuata mshahara, malori ya mbao. Na aliyengoja alikula. Kwa hiyo kulikuwa na mabanda ya chai, wauza ndizi, wakaanga samaki, kinyozi mmoja chini ya mwembe na fundi wa baiskeli. Bibi alikuwa na banda lake la mabua lenye benchi mbili. Aliuza chai, vitumbua, na kambale wa kukaanga. Pantoni ikichelewa, Bibi alifurahi, ingawa mbele za watu alisikitika pamoja nao.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuwa mrefu, lakini mkono huu haujawahi kushika jembe."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kazi siku ya pili. Palikuwa na mpunga wa mwisho uliochelewa kuvunwa, nikapelekwa kuamia ndege na manati yangu. Mawe niliyoyarusha yalikuwa mengi kuliko ndege niliowafukuza. Siku moja walikuja Wazungu wawili wenye darubini wakasimama ukingoni wakitazama matete kwa saa nzima. Walikuwa wakimtafuta mnana mmoja wa manjano mwenye uso mweusi, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza kuwa ni aina ya pekee mwaka 1990, na ambaye haonekani mahali pengine duniani ila bonde hilo la Kilombero. Nikaificha manati nyuma ya mgongo.

Kuoga mtoni? Thubutu! Mto ule una mamba, na jioni viboko walikoroma karibu kabisa na mahali pa kuchotea maji. Maji ya Kilombero hushuka kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za juu, hujaa bondeni wakati wa masika hata bonde likawa kama ziwa, kisha huenda kukutana na Luwegu na hapo Rufiji huzaliwa. Mtu wa Kivukoni hatazami maji kwa starehe. Anatazama yamepanda kiasi gani tangu jana.

Usiku tulilala watatu ndani ya chandarua kimoja. Bibi alikiita "Zuia Mbu", kwa jina la vyandarua vilivyoanza kuuzwa wilaya za Kilombero na Ulanga mwaka 1997, watafiti wa Ifakara walipotaka kujua kama chandarua chenye dawa kingepunguza vifo vya watoto. Utafiti wenyewe Ifakara ni wa zamani, tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara pale mwaka 1957. Basi ndani ya chandarua ndimo nilimosoma historia, maana Bibi hakulala mapema.

Alisema babu yake alikuwa mvushaji. Mndamba, mtu wa mtumbwi na upondo. Aliyetaka kwenda ng'ambo alipiga ukelele kutoka matetени, naye akaja, na malipo yalikuwa chumvi au kipande cha nguo. Baadaye, nilipoanza kusoma vitabu vya Majimaji, nilikuta kwamba tarehe 30 Agosti 1905 boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa, Wapogoro wakitangulia na Wambunga wakitokea kaskazini, na kwamba bunduki za mitambo ziliwafyeka. Kitabu kinasema walitokea kaskazini. Kaskazini ya Mahenge ni wapi? Ni huku Ifakara. Kati ya Ifakara na Mahenge kuna mto, na watu wale hawakuruka kama kwarara. Kuna aliyewavusha.

Vivyo hivyo Oktoba 1917. Majeshi ya Wabelgiji, yaani hasa askari Waafrika kutoka Kongo, yaliingia Mahenge tarehe 9 mwezi huo, baada ya kupita bondeni na mapagazi wao. Baba yake Bibi alikuwa kijana mdogo. Alikumbuka mapagazi waliokonda, mizigo vichwani, wakisubiri zamu ukingoni, na wengine hawakuinuka tena zamu yao ilipofika. Vitabu hutoa mstari mmoja: jeshi likavuka mto. Lakini lugha yetu ina maneno mawili, kuvuka na kuvusha. Waliovuka wamepewa tarehe, vyeo na makaburi. Waliovusha wamebaki ndani ya chandarua, kwa mdomo wa bibi kizee, na mimi naona hiyo ni dhuluma hata kama hakuna aliyeikusudia.

Sasa nifike kwenye usiku ambao sikuuandika katika ile insha.

Wiki ya pili mdogo wangu, miaka minne, alipandwa na homa. Kufika saa nne usiku akaanza degedege. Mama alipiga ukunga. Hospitali ilikuwa Ifakara, ng'ambo, na pantoni ilikuwa imeshafungwa kwa usiku ule. Bibi hakulia wala hakusema neno. Alitoka bila kitenge cha pili, akaenda kugonga kwa mzee mmoja mvuvi, na kabla sijaelewa kinachotokea tulikuwa ndani ya mtumbwi, mama amempakata mtoto, Bibi mbele na tochi, mzee nyuma na upondo. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza. Mahali fulani upande wa kulia kiboko alipumua, fuu, karibu hivi. Mzee akaacha kusukuma, tukaelea tu kwa muda ambao mpaka leo siujui urefu wake. Kisha akaendelea. Ng'ambo alipatikana mtu wa baiskeli, mama akapanda nyuma na mtoto.

Mdogo wangu alipona. Leo ni mwanachuo, na hupenda kunirekebisha kwamba hakuwa na miaka minne bali mitatu na nusu.

Tulipokuwa tumekaa ukingoni kungoja kuche, Bibi aliniambia, kama anayezungumza na mto, kwamba mama yangu hakuwa kifungua mimba wake. Kulikuwa na mwingine kabla yake, mvulana. Masika, maji mengi, hakuna aliyethubutu kutia mtumbwi majini. "Tulingoja mpaka asubuhi," alisema. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi, lakini si kwamba nilikuwa mjinga.

Ile kadi ya Ugiriki nimeikumbuka mara nyingi. Ukubwani nimesoma kwamba visiwa vile vilikuwa vya wavuvi na mabaharia kabla ya kuwa vya watalii, na kwamba hata sasa upepo ukizidi, meli hukatazwa kung'oa nanga, na kisiwa kizima hukaa kikingoja. Mpiga picha hakuwapiga wanaongoja.

Januari 2016 pantoni ya MV Kilombero II ilipigwa na dhoruba ikapinduka na watu na magari. Wakati huo nguzo za daraja zilikuwa zinajengwa jirani. Mei 2018 Rais Magufuli alilifungua daraja hilo la mita 384, likapewa jina lake. Magari sasa hayazimi injini. Yanapita vuu, na abiria hata hawageuzi shingo.

Nilikwenda Desemba ya mwaka ule. Mabanda yalikuwa yameanguka, kinyozi kahamia Lupiro, benchi moja ya Bibi ilikuwa imelala kifudifudi kwenye nyasi. Nilikuja na maneno yangu ya kumpa pole, maana biashara ya miaka mingi ilikuwa imekufa kwa siku moja. Hakunipa nafasi. Alivaa kanga mpya, akachukua fimbo, akataka nimsindikize darajani kwa miguu.

Tulitembea polepole tukishika ukingo wa chuma, malori yakitutikisa. Katikati akasimama. Alitazama nyuma, kwenye mwembe uliokuwa wa kinyozi, akatazama mbele, upande wa Ifakara, kisha akarudia tena nyuma.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Nikamshika mkono, tukaendelea mpaka ng'ambo, tukanunua muwa, tukarudi.