Miwani ya Serikali Usoni mwa Waasi

Miwani ya jua yenye vioo vya duara na fremu nyembamba ya waya huhesabiwa kuwa alama ya mahipi, vijana wa miaka ya 1960 waliopinga vita vya Vietnam na maisha ya wazazi wao. Ukiifuata asili yake Uingereza, hata hivyo, unaishia mikononi mwa serikali. Julai 1948 nchi hiyo ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, na miwani ikawa miongoni mwa vitu vilivyotolewa bure. Ada ilipoletwa mwaka 1951, Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo akiwa waziri wa afya, alijiuzulu. Fremu zilikuwa za aina chache, na mwenye uwezo alijinunulia nyingine, kwa hiyo waya wa duara ukabaki kuwa wa wazee na wanafunzi wa kutaniwa. John Lennon, mwanamuziki wa kundi la Beatles kutoka Liverpool, hakuwa akiona mbali, lakini jukwaani aliona afadhali asimwone msikilizaji kuliko kuonekana na miwani. Mwaka 1966 aliigiza askari katika filamu ya Richard Lester, How I Won the War, akavaa fremu hiyo kwa ajili ya uigizaji. Filamu ikaisha, hakuivua. Picha yake ya filamuni ndiyo iliyopamba toleo la kwanza la gazeti la Rolling Stone, Novemba 1967.

Hoja yangu ni kwamba mtindo huu ulipata nguvu kutokana na aibu ile ile. Wapo watakaosema Wamarekani walitangulia: Roger McGuinn wa kundi la Byrds alivaa vioo vidogo vya pembe nne tangu 1965, na vijana wenzake walivaa fremu za bibi zao. Ni kweli, lakini hapo pia kilichochaguliwa ni kitu kilichokwisha kudharauliwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Lennon alikuwa tajiri, na tajiri akivaa umaskini hapotezi kitu. Hilo sina la kulikanusha. Ila shabiki wake wa Liverpool hakuhitaji utajiri kumwiga, na kioo chenye rangi kiligeuza kifaa cha mgonjwa wa macho kuwa pambo la hiari. (Wengi walioivaa macho yao yalikuwa mazima.) Desemba 2019 miwani moja ya Lennon, ya duara na vioo vya kijani, iliuzwa mnadani kwa pauni 137,500, lakini bei hiyo ni ya jina la mwenyewe; waya ule haukuwahi kuwa ghali.